Matanga ya Bibi Harusi Katika Mfereji wa Suezi

Ninyi vijana mnaoendesha injini za kinu cha pamba na mashine za kusaga, kila nikipita hapo mnaniamkia vizuri, shikamoo Mzee Masunga, nami naitikia marahaba, halafu nikigeuza mgongo nasikia mnacheka. Najua mnachochekea. Mmeambiwa kwamba mzee huyu, aliyezaliwa Shinyanga mahali ambapo mtu anaoga kwa kata moja ya maji na kumwachia mwenzake nusu, anadai aliendesha meli jangwani. Sikudai kuendesha. Nilichochea moto. Na jangwani ilipita kweli, kwa hiyo kaeni niwaeleze, ili mkicheka mcheke mkiwa na habari kamili.

Kazi yangu ilikuwa moto. Ninyi mnazungusha hendeli, dizeli inakohoa kidogo, basi mmeanza kazi na mnaweza kurudi kwenye bao lenu. Boila haikubali mambo hayo. Inataka kuamshwa polepole tangu jana yake, maji yapate moto taratibu, na ukiiharakisha inaanza kuvuja kila penye mshono. Moto wenyewe nao una adabu yake. Mtu mgeni akiona geji ya stimu, yaani kipimo cha nguvu ya mvuke, inashuka anajaza makaa, makaa yanaziba hewa, geji inashuka zaidi, naye anajaza zaidi huku akimlaumu aliyeyachimba. Fungua mlango wa tanuri kwanza utazame. Vunja yale mabonge ya majivu yaliyoshikana chini, hewa ipite, ndipo utupe makaa kwa kutawanya, kama unavyowamwagia kuku mtama. Moto mzuri ni mwembamba na mweupe. Ule moshi mweusi unaowafurahisha watoto ni makaa ya tajiri yanayokwenda bure.

Hayo alinifundisha Mzee Feruzi, Mmanyema wa Tabora, dereva wa garimoshi la kokoto wakati reli ilipokuwa inasogezwa kuelekea Mwanza. Siku zile tulichochea kwa kuni. Mzee Feruzi hakuwa mtu wa kugomba. Ukikosea alisimamisha garimoshi, akashuka, akakaa kando ya reli, akawasha kiko chake na kukuacha peke yako na aibu yako mpaka stimu irudi. Abiria hatukuwa nao, lakini kulikuwa na vibarua wengi juu ya kokoto, nao walikuwa na maneno.

Kosa langu kubwa la siku zile nililifanya karibu na stesheni ya Shinyanga. Nilikuwa nimeposa kwa Mzee Ngassa, binti yake Kabula, na siku hiyo nilijua Kabula yuko sokoni. Nikajaza kuni kwa sifa ili tuingie mjini kwa kishindo. Kishindo kilipatikana. Valvu ya usalama, ile inayotoa stimu ikizidi, ilifunguka ikanguruma, na kumbe saa hiyohiyo ndugu zangu walikuwa wanavusha reli ng'ombe wa mahari yangu. Ng'ombe wakatawanyika mji mzima. Mmoja aliingia duka la Mhindi kwa mlango wa mbele akatokea wa nyuma akiwa amejitanda kanga mpya. Jioni, walipokusanywa wote na kufikishwa kwa Mzee Ngassa wakiwa bado wanatetemeka, mzee alisema hajapata kuona mkwe anayeleta ng'ombe kwa mkono mmoja na kuwafukuza kwa mkono mwingine. Alinipa mke, lakini tangu siku hiyo alinitazama kwa jicho la mtu anayengoja kosa la pili.

Na kwa kuwa tumefika kwenye makosa, msije mkachoma samaki kwenye tanuri siku ya ukaguzi. Hapa hapa Geita, mgodi ulipokuwa hai, sisi wa boila tulichoma viazi na samaki juu ya beleshi la majivu. Beleshi likisafishwa vizuri halina tofauti na kikaango. Siku moja nimetia sato mnene aliyetoka ziwani Nkome, mara anaingia mkaguzi, Mzungu mmoja mwembamba aliyeonekana hajapata kushiba maisha yake yote. Akanusa, akazunguka boila akitafuta kinachoungua, akagonga mabomba, akapanda ngazi akashuka. Mwishowe alikipata kinachoungua, akaomba kichwa. Boila ikapita ukaguzi.

Sasa hiyo meli.

Reli ilipofika Mwanza, garimoshi la kokoto halikuwa na kazi tena, wala mimi. Kulima sikuweza. Mikono yangu ilikuwa imeshazoea beleshi, na Kabula alisema matuta yangu yanaonekana kama makaburi ya watu wafupi. Nikaaga kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya moto. Kabula hakulia wala hakunizuia. Alisema neno moja tu, akiwa anapepeta.

"Nikivuna mtama mara mbili hujarudi na kazi ya kukaa hapa nyumbani, narudi kwa baba, na ng'ombe wanarudi kwenu."

Kabula hakuwa mtu wa kutishia. Akisema mvua itanyesha, watu walianua. Nikaondoka nikijua kwamba Mzee Ngassa amekwisha kutengeneza kizimba cha kupokea binti na lango la kutolea ng'ombe. Mavuno ya kwanza yalipita nikiwa bandarini Dar es Salaam, nachochea boti ya kuvutia meli. Kazi ilikuwepo, lakini ilikuwa mwambao, na mke wangu alikuwa Shinyanga. Nilikuwa nikilala namwona Mzee Ngassa akihesabu ng'ombe wangu kwa tabasamu.

Ndipo ikaingia Bibi Harusi. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu na halikuwafaa watu wenye haraka. Sisi tulimwita Bibi Harusi kwa kuwa alipakwa rangi nyeupe tupu, na kwa kuwa zamani, alipokuwa msichana, kila bandari ilitoka kumtazama. Alibeba magavana na wake zao, alikuwa na ngazi za mbao za kung'aa na chumba cha kuchezea dansi. Lakini meli nazo zinazeeka. Safari hii alikuwa anapelekwa Ulaya kuvunjwavunjwa auzwe chuma, na kutu ilikuwa imeshaanza kumchungulia chini ya ile nyeupe. Wachochea moto wake wa zamani walikuwa wamemwacha, maana hakuna anayependa safari isiyo na ya kurudia. Wakala akawa anachukua yeyote anayejua kushika beleshi. Nikajiandikisha.

Mkuu wa mashine alikuwa Mzungu mzee tuliyemwita Bwana Tambara. Mkononi hakukosa kitambaa cha kufutia mafuta. Alifuta mabomba, alifuta vishikio, alifuta hata mahali ambapo hapakuwa na uchafu, na wakati mwingine tulimkuta amesimama tu, amelaza kitambaa juu ya mashine kama anayempima mtoto homa. Alikuwa na Bibi Harusi tangu alipozinduliwa. Mke hakuwa naye, na tuliambiwa aliyekuwa naye alichoka kungoja. Habari hiyo sikuipenda hata kidogo.

Alikuwa mkali, lakini alikuwa mtu wa neno lake. Siku moja tukiwa tumeipita Adeni aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Shinyanga. Akasema mwana wa ndugu yake anafunga boila kwenye mgodi mpya wa dhahabu, mahali panaitwa Geita, je, napajua? Nikamwambia Bwana, Geita ni nyumbani, ni kuvuka tu. Akanipa sharti lake kwa Kiswahili chake cha melini.

"Mfereji yote, stimu hapana shuka chini ya mstari mwekundu ya geji. Wewe fanya hiyo, mimi sema kwa mtoto ya ndugu. Stimu shuka, mimi hapana sema."

Lazima mwelewe kwa nini alilitia moyoni jambo hilo. Mfereji wa Suezi ni njia ya maji iliyochimbwa mchangani, nyembamba, meli kubwa inapita humo polepole mno. Ikikosa nguvu, upepo wa jangwani unaisukuma ubavu mpaka kwenye mchanga, na hapo umefunga njia ya dunia nzima. Wenye meli walikuwa wametoa makaa ya kubania, ya kumsindikizia maiti, kwa hiyo Bwana Tambara alikuwa ameziacha boila nyingi zimelala na kuwasha mbili tu. Moja ilikuwa inavuja. Nyingine ilikuwa yangu. Tena habari za safari ya mwisho zilikuwa zimetangulia. Watu walikuwa wanangoja kando ya mfereji kumuaga Bibi Harusi, kapiteni alikuwa ameamuru honi ndefu za kwaheri, na honi ya meli kubwa inakunywa stimu nyingi.

Nikasema moyoni, Masunga, hapa ndipo penye mke wako. Nikasafisha tanuri zangu, nikachagua makaa makubwa na madogo nikayatenga, nikaandaa kila kitu. Kitu kimoja tu sikukiwekea mpango, nacho kilikuwa Kondo.

Kondo alikuwa Mzaramo wa kutoka Kisarawe, mfupi, mwenye mabega mapana, na tulichochea boila moja. Sasa ninyi siku hizi mnadhani utani ni kuchekeshana. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za babu zetu waliobeba mizigo kwenda pwani, na utani una sheria zake. Mtani anakutukana hukasiriki. Anachukua kitu chako humdai. Humpigi, humsukumi, na ukimnunia wewe ndiye mwenye kosa. Kondo alinitukana kuanzia Dar es Salaam bila kupumzika. Alisema Wasukuma tunawapa ng'ombe majina mazuri kuliko watoto wetu. Nami nilimwambia Wazaramo wanalala mchana kwa sababu usiku wamechoka kulala. Tuliishi vizuri sana.

Lakini pahali pa mtani hasa ni msibani. Ukifiwa, mtani ndiye anayechimba kaburi, anayebeba maji, anayepika. Na ndiye anayevuruga kilio. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza anavyotembea, analala mbele ya jeneza na kusema maiti haipiti mpaka mfiwa atoe kitu. Anayelia anajikuta anacheka huku machozi yanatoka. Mtani hawezi kujitungia msiba, lakini akisikia mfiwa ameshapewa pole, haki yake imeanza, na hakuna wa kumnyang'anya.

Tukaingia mferejini asubuhi. Sisi wa chini hatuoni kitu, ila tulipanda kwa zamu kupata hewa. Nilipotoa kichwa nje niliona mchanga huku na mchanga huku, na ngamia anatembea sambamba na sisi, anatutazama kwa dharau. Maji sikuyaona kabisa, yalikuwa yamefunikwa na ubavu wa meli. Kwa macho yangu tulikuwa tunakwenda nchi kavu. Meli nyingine zilikuwa zimefungwa ukingoni kutupisha, na kila tuliyoipita ililia honi, na mabaharia wake walivua kofia. Nikashuka nimejawa na kitu kifuani. Bibi Harusi nilikuwa sijakaa naye sana, lakini moto wake nilikuwa nimeuwasha mimi.

Nikamkuta Bwana Tambara amesimama mbele ya boila yangu. Alikuwa amevaa sare yake nyeupe ya sherehe, vifungo vinang'aa, na kitambaa mkononi vilevile. Hakufuta kitu. Macho yalikuwa mekundu, na si ya vumbi la makaa. Ninyi mmelelewa kwenu kama nilivyolelewa mimi. Mtu mzima amesimama hivyo, utampita kimya? Nikavua kofia, nikamwambia, "Pole na msiba, Bwana."

Akatikisa kichwa, akapanda ngazi kwenda zake. Nyuma yangu nikasikia beleshi limewekwa chini taratibu. Niligeuka nikamwona Kondo anajipaka majivu usoni.

Nilimwambia, Kondo, si leo. Akatandika gunia juu ya sakafu ya chuma, sawasawa mbele ya milango ya tanuri zangu, akalala chali, akafumba macho na kukunja mikono kifuani.

"Msiba umetangazwa," akasema. "Bibi Harusi hapiti hapa."

Nikamsihi. Nikamweleza habari ya mstari mwekundu, ya Geita, ya Kabula na mtama wake. Alijua yote, na ya Kabula nilikuwa nimemsimulia tangu Mombasa mpaka amechoka. Nikampa tumbako yangu yote, akaipokea bila kufumbua macho, akaitia mfukoni, akasema hiyo ni ya jirani wa marehemu, yeye anamtaka mfiwa mwenyewe. Wenzetu wa ile boila nyingine wakaacha kazi wakaja. Wazaramo wenzake wakaanza kumlilia Bibi Harusi kwa sauti za kike. Mmoja akajifunga gunia kiunoni akawa anamwigiza meli anavyokohoa akipanda wimbi. Mwingine akaokota tambara chafu, akapinda mgongo, akaanza kufuta kila kitu, ukuta, ngazi, mpaka kipaji cha Kondo, na alikuwa Bwana Tambara mtupu. Nilicheka. Nasema kweli, mke wangu anaondoka, geji inashuka, na mimi nacheka mpaka mbavu zinauma, kwa kuwa hivyo ndivyo matanga yalivyo.

Kumsukuma sikuweza. Mtu wa kabila lingine angemshika miguu akamvuta kando. Mimi nilikuwa mtani wake, na nilikuwa nimetangaza msiba kwa kinywa changu. Ningemgusa kwa nguvu, aibu hiyo ingefika Shinyanga kabla yangu. Nikajaribu kurusha makaa kupitia juu yake. Yaliyoingia tanurini yalikuwa machache kuliko yaliyomwangukia tumboni, na kila kipande kilichomwangukia alishukuru kwamba rambirambi zinaanza kuingia.

Sindano ya geji ikagusa mstari mwekundu. Ikaupita.

Kengele ya kutoka juu ikalia, wanauliza kuna nini. Bwana Tambara akashuka ngazi mbio, na alipofika chini wote tukanyamaza, isipokuwa yule aliyekuwa anamwigiza, kwa kuwa alikuwa amempa mgongo na hakujua. Aliendelea kufuta bomba kwa huzuni kubwa. Bwana Tambara alimtazama huyo, akamtazama Kondo mwenye majivu, akaitazama geji, kisha akanitazama mimi.

Nilijua Geita imekwenda. Mtu akishapoteza kila kitu anasema kweli kwa urahisi. Nikamwambia, "Bwana, kwetu mtu akifa mtani wake anazuia maiti. Huyu hataki tumzike meli mpaka mfiwa atoe kitu."

"Mfiwa nani?" akauliza.

"Ni wewe, Bwana."

Hakufoka. Alisimama pale, na mimi nikaona midomo yake inatetemeka, nikadhani sasa inakuja ile hasira yenyewe. Badala yake alikaa juu ya rundo la makaa na suruali yake nyeupe. Baadaye alikuja kuniambia kwamba tangu Dar es Salaam mpaka pale, kati ya kapiteni na maofisa na wenye meli waliomwandikia, hakuna hata mmoja aliyempa pole. Walimwuliza makaa yatatosha au hayatatosha. Akamgeukia Kondo, akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachokitaka, atoe nini.

Kondo akafumbua jicho moja.

"Mfiwa achochee mwenyewe," akasema. "Amwoshe mkewe kwa mkono wake."

Bwana Tambara akavua koti lenye vifungo, akalitundika juu ya mpini wa valvu, akachukua beleshi langu. Kumbe ujana wake alianza kazi kwa kuchochea. Mkono ulikumbuka, mgongo ulikuwa umesahau. Makaa ya kwanza aliyatawanya vizuri sana, ya pili yalipiga mlango yakamrudia, ya tatu aliyatupa huku anacheka, na kucheka kwake kukageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko, na sisi tukawa tunamwimbia. Sijui huko juu walisikia nini. Shati jeupe likawa na madoa, kisha likawa jeusi lote lenye madoa meupe.

Na hapo, haki yake ilipotimia, Kondo akaruka. Mtani akishapewa anakuwa wa kwanza kubeba jeneza. Sijapata kuona mtu akifanya kazi vile. Alivunja mabonge, alitoa majivu, alitupa makaa kwa mikono ya watu wawili. Hata ile boila inayovuja ilipata aibu ikaanza kupandisha. Sindano ikarudi, ikavuka mstari, nasi tukapiga vigelegele chini ya maji kama tumepata mtoto.

Tulipofika Ismailia, mji ulio katikati ya mfereji, penye umati na beni ya tarumbeta, kapiteni akavuta honi. Ya kwanza, ndefu. Ya pili, ndefu zaidi. Ya tatu ikamaliza kila kitu tulichokuwa tumekikusanya, na meli ikapunguza mwendo palepale mbele ya wageni wa heshima mpaka ikawa kama imesimama. Upepo, kwa bahati, ulikuwa umelala. Watu wa ukingoni walivua kofia, wanawake walilia, beni ikaanza wimbo wa taratibu. Walidhani Bibi Harusi amesimama kwa makusudi, anaaga. Kapiteni alipelekewa maua na kusifiwa kwa heshima aliyoionyesha. Aliyapokea.

Lakini mstari mwekundu ni mstari mwekundu. Tulipokaribia Port Said, mwisho wa mfereji, Bwana Tambara aliniita mimi na Kondo. Alikuwa ameoga, ila masikioni makaa yalibaki. Akaniambia stimu ilishuka. Nikasema ndiyo, Bwana. Akasema yeye neno lake ni moja, kwa hiyo kwa mtoto wa ndugu yake hatanisemea. Nikasema naelewa, Bwana, ingawa nilikuwa sielewi. Kisha akamgeukia Kondo. Akasema kwa huyu hakuweka sharti lolote. Akasema mtu anayeweza kusimamisha meli kwa kulala chali, na kisha kuwafanyiza watu kazi kama walivyofanya leo, huyo anafaa kuwa nyapara wa boila. Atamsemea yeye Geita.

Nilimtazama Kondo. Alikuwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao si wake. Akashukuru, akasema atakwenda. Mimi nilipanda juu nikakaa peke yangu nikiitazama Port Said bila kuiona. Mzaramo anakwenda kwetu, mimi ninabaki baharini. Aliniacha nikae hivyo mpaka nimepoa kabisa, ndipo akaja akakaa kando yangu, akatoa tumbako yangu mfukoni mwake na kunigawia kidogo.

"Nimemwambia Bwana njia siijui," akasema. "Na lugha ya ng'ombe siijui. Amesema nichague mtu mmoja wa kunipeleka na kufanya naye kazi. Unamjua Msukuma yeyote mwenye akili?"

Nikamwambia simjui. Akasema basi itabidi achukue aliyepo.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi Geita, chini ya Mzaramo, katika nchi ya baba zangu. Muda wote wa mgodi ule nyapara wangu alikuwa Kondo, na kila mgeni aliyekuja aliambiwa kwamba mimi nililetwa kama mzigo wake. Tulijifunza upya pamoja, kwa kuwa pale ilikuwa kuni, tena za miombo, na maji ya pale yaliacha ukoko ndani ya boila kama wa chungu cha ugali. Ilibidi kuingia ndani na kuukwangua kwa nyundo ndogo, na nyapara, kwa ufupi wake, ndiye aliyepenya kwenye tundu. Mara moja alinasa. Nilikaa chini mbele ya tundu, nikafumba macho, nikamwuliza mfiwa ni nani. Matusi niliyoyasikia yakitoka ndani ya lile pipa siwezi kuyasema mbele ya vijana.

Lakini nimeruka jambo ambalo mke wangu, angekuwa hapa, angeniuliza. Tulimfikisha Bibi Harusi kwa wavunja meli, tukarudishwa na meli ya mizigo iliyosimama kila bandari kama mgonjwa wa tumbo. Kila siku iliyopita nilijua mtama unazidi kuwa mwekundu. Tulipochukua garimoshi Dar es Salaam, mashamba yote tuliyoyaona kuanzia Tabora yalikuwa yamekwisha kuvunwa, mabua yamelazwa, ng'ombe wameachiwa humo. Kondo alikuwa amenyamaza. Alipoacha kunitania ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Stesheni ya Shinyanga tulimkuta Mzee Ngassa mwenyewe, amekuja kupokea chumvi yake. Nikapiga goti nikamwamkia. Akaitikia akiangalia pembeni, akasema amesikia mavuno ya mwaka huu yamekuwa mazuri na watu wengi wamemaliza. Mimi kwa mkwe wangu sikuwa na kinywa. Kondo alikuwa nacho. Badala ya kumwamkia alimwuliza kwa nini wazee wa Kisukuma wananenepa kwa kula mahari za watu, akamwambia mimi ni kibarua wake wa boila Geita, kazi ya kukaa, na kama mzee anataka ng'ombe warudi basi aanze kuwafunga kengele, maana mkwe wake anajua kuwakimbiza. Mzee Ngassa alishindwa. Alicheka mpaka akaegemea gunia la chumvi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hana la kuamua, neno alilisema binti.

Nikaenda kwa miguu mpaka nyumbani, Kondo nyuma yangu amebeba sanduku langu bila kuambiwa. Mashamba ya majirani yalikuwa meupe. La kwetu nalo lilikuwa limevunwa, safi, kwa mkono wa mtu ninayemjua. Ila upande wa njia palibaki kipande cha mtama kimesimama, kimeiva kupita kiasi, masuke yameinama, na ndege wamejaa humo wanakula watakavyo. Watoto waliokuwa wanapita walikuwa wanakichekea. Kabula, ambaye hakupata kuacha suke moja shambani tangu nimjue, alikuwa amekaa kivulini pa ghala, kisu kiko miguuni pake, anawatazama ndege wale bila kuwafukuza.

Nikamwuliza kwa nini ameacha mtama uliwe.

"Nilisema nikivuna mara mbili," akasema. "Sijamaliza."